Jani la Mbuzi Barazani kwa Mjerumani

Mmea huu una majina mengi na yote yananikera. Waingereza wameupa jina la asali. Wajerumani, Wafaransa, hata mapadri kwa Kilatini chao, wanauita jani la mbuzi. Nimeukuta ukitambaa kwenye kuta za Ulaya, maua yake meupe yakigeuka manjano, na jioni unapoanza kumwaga ule utamu wake mimi hufunga dirisha. Namkumbuka Tekla wa Ifakara.

Tekla, kwa jina alilobatizwa baadaye, alikuwa Mndamba, mke wa mvuvi. Vita vya Maji Maji vilipokwisha, mpunga ulikuwa umechomwa ghalani na shambani, watu wanachimba mizizi porini. Mumewe alitiwa mnyororo wa shingo pamoja na wenzake, wakawa wanachimba barabara. Yeye akapewa kazi kituoni kwa Mjerumani: kumwagilia mche mmoja uliosafiri melini ndani ya kopo. Mume alikuwa ameambiwa maji yatazima risasi. Sasa mke alichota maji mto Lumemo kumnyweshea ua mtu mwenye risasi, huku watoto wa jirani wakizikwa kwa njaa.

"Bwana anasema hili ni jani la mbuzi," alitafsiri Muhidin, mkalimani kutoka pwani. "Likistawi, mumeo atafunguliwa."

"Jani la mbuzi?"

"Ndivyo alivyosema. Mimi ni mdomo tu, mama."

Tekla aliufunika mzizi kwa nyasi kavu, maana aliona upesi kwamba mmea ule unataka miguu kivulini na kichwa juani. Kila ulipochipua, akakata machipukizi akampa mbuzi jike wa kituo. Jani la mbuzi linastawi kwa ajili ya nani, kama si mbuzi? Mbuzi akanona. Mmea ukabaki kijiti.

Mjerumani alipogundua alicheka mpaka akaegemea ukuta. Aliwaita wageni wake, Tekla akasimamishwa mbele ya meza, mundu mkononi, wakamcheka wakitafuna kuku, mafuta yakiwachuruzika kidevuni. Muhidin naye akacheka. Ndiyo kazi iliyomlisha. Kisha akaeleza: bwana anataka maua, na ua hutoka kwenye tawi lililoachwa likakomaa. Ahadi iko palepale.

Tekla akaanza upya. Joto la Ifakara lilikunja majani, vidukari wakajaa chini yake, wakatoa uchafu unaonata kama makamasi, sisimizi wakaufuata. Aliwaponda kwa vidole, jani kwa jani, akapangusa kwa maji ya majivu. Mumewe alipopitishwa barabarani, Tekla aliona nzi kwenye kidonda cha shingo yake. Akarudi kupangusa. Mwaka wa pili matumba yakatokea, vichwa vya maua vikisubiri kufunguka.

Wiki ileile Mjerumani akapelekwa kwao na homa. Aliyekuja badala yake alijivunia Kiswahili chake, hakutaka mkalimani.

"Wewe! Hii nini?"

"Shikamoo, bwana. Jani la mbuzi."

"Jani ya mbuzi kwa baraza yangu? Pa mbuzi!"

"Bwana, lina maua, kesho kutwa yata..."

"Pa mbuzi!"

Tekla alimtazama Muhidin, aliyesimama kando bila kazi. Muhidin alitazama makubazi yake.

Mmea ukakatwa. Mbuzi akala yote, na matumba, akalala akicheua.

"Na ahadi?" Tekla aliuliza.

"Ahadi ilikuwa ya yule, ameondoka nayo. Huyu hana maua, mama. Huyu ana mbuzi tu."

Tekla akatema mate karibu na miguu ya Muhidin. Halafu neno lile likamkaa kichwani: ana mbuzi tu.

Kesho yake alipotumwa kuchunga, alimfunga mbuzi kamba akamwongoza hadi kwenye barabara, kwa askari aliyelinda mnyororo. Askari alimbonyeza mbuzi mbavu.

"Amenona huyu."

"Amekula maua ya Ulaya. Mchukue, nipe yule wa mwisho, mume wangu."

"Nitasema nini?"

"Sema mamba."

"Mtu na mbuzi? Mamba mmoja?"

"Ana njaa, kama sisi."

Askari akacheka, akafungua kufuli. Alipotoa taarifa kituoni, bwana mpya alikasirika sana. Kwa ajili ya mbuzi. Mtu hakumuulizia.

Tekla na mumewe wakavuka kwa mtumbwi mpaka upande wa Lupiro. Maiti haiwezi kuishi kwa jina lake, basi mume akaenda kwa mapadri kuomba jingine, wakambatiza Valeriani. Alizeeka nalo, kovu likimzunguka shingo. Tekla hakupanda tena ua maishani mwake.

Baadaye, katika nchi za baridi, nilionyeshwa mmea uitwao valeriani, ndugu wa jani la mbuzi. Mzizi wake ukikauka hunuka kama miguu isiyooshwa. Huo niliunusa mara mbili.