Vinu Tisa na Maneno Yangu

Siku yangu ya kwanza kazini pale Kasulu, Bwana Utamaduni wa Wilaya alinikabidhi mhuri, kitabu cha fomu na onyo moja: "Kijana, ngoma haipandi jukwaani mpaka maneno yake yawe kwenye karatasi hii." Nikasema bismillahi, nikaketi.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu miaka ya sabini. Kikundi kilichotaka kucheza sikukuu za taifa kilileta maneno ya wimbo, nasi tukayapiga chapa nakala tatu: ya wilaya, ya Chama, na ya mkoa. Neno lililotutia shaka tulilipiga mstari.

Nilihamishiwa Kibondo wakati watu wa vilimani walikuwa wamekwisha kupelekwa vijiji vipya, nyumba zimepangwa mistari. Huko Mwalimu Bihemo wa shule ya msingi alikuwa na kikundi cha akina mama tisa. Alinialika uwanjani nisikilize, lakini sikuona kikundi. Mama mmoja alikuwa na kinu chake karibu na goli, mwingine kule chini mgombani, mwingine sikumwona kabisa. Wakaanza kutwanga, wakiachiana nafasi, wakijibizana. Mwalimu alikuwa amewasimamisha kwa umbali ule ule wa nyumba zao za zamani. Kinu cha mwisho kilisikika kwa shida, nikajikuta nanyoosha shingo, nahama huku na huku.

"Maneno yako wapi, Mwalimu?"

"Hayapo."

"Sasa nijaze nini?"

Mama Zabroni, mkubwa wao, akacheka. "Andika du, du, du, mwanangu. Si umesoma wewe?"

Katibu wa Chama, nilipompelekea fomu tupu, hakucheka. "Wimbo usio na maneno unaficha nini? Hawa wanalalamikia vijiji. Lete maneno keshokutwa, la sivyo Mwalimu wako asahau chaki."

Ubaya wa uongo niliufundishwa chuo cha Kurani, kabla sijaona darasa la serikali. Lakini nilimwogopea Mwalimu, nikajiogopea na mimi. Nikatunga beti tatu za kusifu kijiji kipya, nikagonga mhuri, wala sikumwambia mtu. Nilidhani karatasi italala kwenye jalada na vinu vitaachwa visikike vyenyewe.

Mkoani wakayapenda maneno. Barua ikarudi: kikundi kije Kigoma kiimbe beti hizo, kisimame jukwaani mistari miwili.

Mwalimu aliisoma barua, kisha beti. "Umetunga wewe?"

"Mimi. Nilitaka kukuokoa."

"Umeniokoa, Bwana Afisa. Kazi ninayo." Akaikunja karatasi polepole. "Na ni maneno mepesi. Watayashika upesi."

Waliyashika. Kigoma walitwanga bega kwa bega, pigo moja, wakaimba, wakashangiliwa, wakapewa kikombe. Katibu alinipongeza mbele ya watu. Mama Zabroni aliposhuka jukwaani alinishika mkono.

"Mwanangu, leo sikumsikia jirani yangu hata mmoja."

Mwalimu hakuwapanga tena uwanjani. Nilimwomba mara mbili. Alinijibu kwa adabu kwamba akina mama wamechoka.

Nilitumika miaka mingi baada ya hapo, nikastaafu salama, na sasa niko nyumbani Kasulu. Mungu amenipa afya na wajukuu, namshukuru. Toba nimeleta, naye ni Mwenye kusamehe. Ila beti zangu bado nazisikia zikiimbwa na watoto wa shule, wasiojua nani alizitunga. Ule utwangaji wa uwanjani haukuandikwa popote. Fomu yetu haikuwa na nafasi yake.

Mke wangu akitwanga kisamvu baada ya alasiri, siwezi kukaa. Naondoka kibarazani, napita migomba, nakwenda hadi mpakani mwa shamba, mahali kinu chake kinaposikika kwa shida. Hapo ndipo husimama, mpaka amalize.