Pombe Niliyoifuta Kwenye Bili ya Gereji

Jamani, kuna aibu mtu anaweza kuzikalia kimya mpaka mashahidi wote wahame, lakini mashahidi wa aibu yangu hawakuhama, wapo tele na wananicheka mpaka leo, kwa hiyo afadhali mnisikie mimi mwenyewe kuliko kumsikia Mama Felista, maana yule akisimulia anaigiza hadi nilivyokaa.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa Bibi Maendeleo, mtumishi wa serikali wa kuwahimiza akina mama, binti wa Pangani niliyepangiwa kazi Lipingo, huku ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na mdomo nilikuwa nao (bado ninao, ila siku hizi naupumzisha). Akina mama wa kijiji walikuwa wamechanga kwa kuuza usipa, vile visamaki vidogo vya ziwani, mwaka mzima wanaanika, wanabeba, wanapandisha milimani kuuza, mpaka tukapata hela ya mashine ya kusaga, kwa sababu walikuwa wamechoka kutwanga na mimi ndiye niliyesimama mbele ya mkutano nikawaapia kwamba kabla ya mvua mtakula ugali wa mashine. Mashine ikanunuliwa Songea, ikapakiwa kwenye Landrova ya kijiji, na hela iliyobaki ilikuwa ya mkanda na dizeli tu. Ikipungua hiyo, mashine inakaa kama pambo.

Sasa dereva wetu, Mzee Longino, akapitia Mkumbi kushusha mbegu, na kwenye mteremko wa Mkumbi tope likamshinda, gari likaserereka na mashine yake mpaka korongoni, kwenye shamba la maharage. Mtu hakuumia, mashine haikuumia, gari ndilo lililoumia. Na juu ya korongo hilohilo, pembeni mwa barabara, kulikuwa na gereji ya Fundi Kapinga! Gereji juu, korongo chini. Mimi niliposikia tu nikasema hapa tumeshaliwa.

Siku ya kwenda kulichukua gari tukaenda watatu: Mzee Longino, mimi, na Mama Felista, mweka hazina wa akina mama, ambaye hela alikuwa ameifunga kwenye pindo la kitenge na mkono hautoki hapo. Njiani Mzee Longino akaanza, "Bibi Maendeleo, kuna jambo la wale watu waliolivuta gari, ni vizuri ulijue..." Nikamkata. Mimi moyoni nilishaamua kwamba yeye na fundi lao moja, kwa hiyo nikamwambia, "Mzee wangu, shikamoo, lakini leo wewe endesha miguu tu, maneno niachie mimi." Akaitikia marahaba, akanyamaza, na alivyo mtiifu yule mzee alinyamaza kweli, hilo ndilo lililoniponza.

Tukafika. Gereji yenyewe mabati juu ya nguzo, kuta hakuna, gari letu limesimama safi, mashine imefungwa vizuri nyuma. Fundi Kapinga, mtu wa maringo, kofia upande, akanipa bili yake kwa mikono miwili. Nikaisoma mstari kwa mstari, na kabla ya kuja nilikuwa nimeshauliza bei za spea duka la Mbinga ili asinichezee. Springi mpya, bei ya dukani. Rejeta kuziba, haya. Tairodi kunyoosha, haya. Ufundi, mh, haya. Halafu mstari wa mwisho, tena ameuandika kwa mwandiko mzuri kuliko yote: *Pombe, madebe manne.*

Looh! Nawaambieni damu ilinipanda mpaka masikioni. Mimi nimelelewa nyumba ambayo pombe haitajwi hata kwa jina, halafu leo nilipe madebe manne ya ulevi wa mtu, kwa hela ya akina mama walionuka samaki mwaka mzima! Nikauliza, "Fundi, hii ni nini?"

"Hiyo si yangu, Bibi. Hiyo ni ya watu."

"Watu gani?"

"Watu wa..."

"Basi, basi! Nimeshaelewa." (Sikuwa nimeelewa kitu.)

Mama Felista akanigusa kiwiko, akasema polepole, "Mwanangu, ngoja kwanza tumsikilize, pombe nyingine si ya ulevi." Na mimi, kwa kimbelembele changu, nikamjibu, "Mama, niachie." Nikachomoa kalamu yangu nyekundu, ile ya kusahihishia madaftari ya kisomo cha watu wazima, nikaukata ule mstari kwa nyekundu mara mbili.

Kama ningeishia hapo, labda ningepona. Lakini nikainua macho nikaona watu wanakuja. Wanashuka kwa vijia vya mlimani, wanaume kwa wanawake, wameoga, wamevaa nguo za kanisani, kila mmoja ana kibuyu au kikombe chake, wanacheka, wanakaa chini pale mbele ya gereji wakitazama upande wetu. Mwenzenu nikajiambia kumbe wamesikia Bibi Maendeleo amekuja, wamekuja kunisikiliza. Vibuyu niliviona! Nikadhani wamebeba maji ya kunywa kwa ajili ya hotuba ndefu.

Basi nikapanda juu ya tairi bovu. "Wazee shikamooni!" Marahaba kwa sauti moja. Nikaanza. Nikasema juu ya unyonyaji, nikasema juu ya kutegemeana, wakapiga makofi. Nikasema, "Katika ujamaa kila mtu anakula jasho lake, hali la mwenzake!" Wakapiga makofi zaidi, na bwana mmoja mbele, kipande cha mtu jina lake Bosko, akasimama kabisa kupiga makofi. Utamu ukanipanda kichwani. Nikainua ile bili juu, nikasema, "Na leo hii, mbele ya macho yenu, nimeifuta pombe!"

Makofi yakakatika. Bosko akakaa chini.

Mama mmoja mnene akasimama katikati yao, huyo ndiye Mama Otilia, mpika pombe wa Mkumbi, akasema, "Ameifuta ipi? Hii niliyoipika mimi? Ulezi wangu nimeukopa!" Na ndipo Fundi Kapinga, safari hii bila mtu wa kumkata, akaeleza. Kwa Wamatengo, wenyeji wa Mkumbi, kazi kubwa isiyowezwa na nyumba moja huitiwa ngokela. Unawaita majirani, wanakuja na nguvu zao, wanalima au wanavuta au wanajenga, hawadai senti hata moja, na wewe unawapikia pombe, siku ikiiva wanakuja kunywa pamoja. Landrova na mashine yake havikutolewa korongoni na spana. Vilitolewa na hawa hawa, kwa kamba na mabega, siku nzima ndani ya tope. Na pombe ya siku ile ilikuwa imeiva leo.

Hapo mtu mwenye akili angesema samahani ndugu zangu. Mimi nimesimama juu ya tairi, macho yote kwangu, nitashukaje? Nikasema, "Lililofutwa limefutwa."

Bosko akakuna kidevu. Hakukasirika, na hilo ndilo baya, angekasirika ningepata la kusema. Akawageukia wenzake, "Bibi ametufundisha vizuri. Kila mtu ale jasho lake. Jasho letu liko hapa, limesimama kwa magurudumu manne. Tulichukue, tukalirudishe tulipolitoa."

Wakacheka, wakainuka, wakaleta kamba. Kwanza wakaishusha mashine taratibu, wakaiweka chini ya mabati, Bosko akimwambia Mama Felista kwa adabu, "Hii ni ya akina mama, hatuna ugomvi nayo." Kisha wakafunga kamba nyuma ya gari. Nikaona hawa wananitisha tu. Nikakimbia, nikafungua mlango, nikapanda, nikakaa kitini nimekunja mikono. Nikasema hawawezi kumtumbukiza mtumishi wa serikali korongoni!

Mlango wa pili ukafunguka, akapanda Mzee Longino. "Sogea kidogo, Bibi."

"Mzee Longino! Na wewe?"

"Mimi dereva. Gari likienda, naenda nalo." Akashika usukani, akakohoa. "Asubuhi nilitaka kukuambia, ukaniambia ninyamaze."

Gari likaanza kwenda. Wengine wanasukuma, wengine wamening'inia kwenye kamba nyuma kulizuia lisikimbie, na wote wanaimba, wimbo wa Kimatengo, sikujua maneno ila katikati yake nilisikia "Bibi Maendeleo" wazi kabisa, tena kila walipolitaja wakaitikia kwa furaha. Nikapiga kelele, nikamshika Mzee Longino mkono, akaniambia niuachie ana kazi. Kwa dirisha nilimwona Mama Felista juu kule amejishika tumbo kwa kicheko, mkono mwingine bado uko kwenye pindo. Tukateremka, tukateremka, mpaka chini kwenye maharage, matairi yakakaa katikati ya mashimo ya ngolo, yale Wamatengo wanayochimba shambani kuzuia maji ya mteremko, palepale, mpaka mawe ya kuzuia magurudumu wakaweka yaleyale. Kisha wakapanda zao juu, wakaniacha nimekaa kwenye Landrova ndani ya shamba la mtu, kiatu kimoja kimebaki sijui wapi.

Nililia kidogo, sifichi. Sikulia kwa tope. Nililia kwa sababu nilizifikiria zile nyuso za akina mama wa Lipingo, na mimi niliyewaapia, na mashine yao iko juu, gari liko chini, na aliyelishusha ni mdomo wangu.

Mzee Longino akasema, "Ukimaliza kulia twende ukawaombe. Si watu wabaya."

Nikapanda kile kilima na kiatu kimoja. Mbele ya wote nikasema, "Jamani nimekosa, sikujua, na nilipoambiwa sikutaka kujua. Pombe ya kwanza ni haki yenu, italipwa. Nawaita tena ngokela, hii ya pili ni yangu mimi, italipwa kwa mshahara wangu." Mama Otilia (mfanyabiashara yule!) akadakia haraka kwamba madebe mengine manne anayo, alikuwa ameyapika ya kuuza. Nikasema basi wanywe kwanza, wamesubiri. Bosko akatikisa kichwa, "Hapana, Bibi. Tukinywa kwanza gari lako litalala na maharage." Wakashuka, wakalivuta, na safari hii na mimi nilishika kamba, mikono ikachubuka, na nilipofika juu nimelowa kichwa mpaka mguu hakuna aliyehitaji tena kunieleza madebe manne ni ya nini.

Lakini haikuishia hapo. Aliyeita ngokela ndiye anayewagawia watu kwa mkono wake. Mimi! Binti wa Pangani! Nikapewa kata, nikakaa mbele ya madebe, kila mtu anakuja na kibuyu namchotea, nimegeuza pua pembeni kukwepa harufu, na wao wanazidi kunishukuru. Bosko akarudi mara nyingi kuliko wote, na alipochangamka akakaa karibu yangu, akaniambia kwa upendo kabisa, "Bibi, wewe mtu mzuri. Na gari lenu sasa zima, ile springi nimeifungua kwa mikono yangu mwenyewe kwenye lori bovu la nyuma pale."

Kata ikaning'inia hewani. "Springi ipi?"

"Ile mliyofungiwa. Imara sana."

Jamani! Mama Felista alikuwa ameshasikia. Akainuka bila haraka, akamwendea Fundi Kapinga ambaye alikuwa katikati ya kicheko, akamwuliza mbele ya kila mtu, sauti ya chini kama anauliza habari za nyumbani, "Baba, springi mpya ya lori bovu huuzwaje?" Fundi akavua kofia. Akavaa tena. Watu wakaangua kicheko, na kabla kicheko hakijakwisha bei ilikuwa imeshuka, hata ya ufundi ikapungua, na kilichoondoka kwenye springi kilizidi gharama ya pombe. Kwenye bili nzima, mstari wa kweli tupu ulikuwa ule niliofuta mimi.

Tulifika Lipingo kesho yake, habari zimetutangulia, sijui zilipita wapi. Akina mama wakaimba mapokezi, wakaitazama mashine, wakanitazama miguu. Mkutano ukakaa, hesabu zikasomwa, na ilikuwa lazima nizisome mimi. Springi kuukuu, kadhaa. Rejeta, kadhaa. Pombe ya ngokela, madebe manne. Hela ya mkanda na dizeli, ipo yote. Vigelegele vikapigwa mpaka nikavua miwani. Nikaendelea: pombe ya ngokela, madebe manne mengine, haikutoka kwenye hela yenu, nimelipa mwenyewe.

Bibi mmoja wa nyuma, kipofu, akainua mkono, akauliza, "Mjukuu wangu, ya kwanza ilitoa gari. Hiyo ya pili ilitoa nini?"

Nikawatazama. Wote walijua, na wote walikuwa wameuma midomo wakisubiri.

"Ilinitoa mimi, bibi."

Tangu siku hiyo sijafuta mstari wa bili ya mtu kabla sijamwuliza ni jasho la nani, na sijapanda gari lililofungwa kamba kwa nyuma, wala sitapanda, hata nikiambiwa linakwenda Pangani.