Albamu Isiyokatika

Baraza la Muziki lilitangaza, kwa lugha nzito inayolistahili, kwamba kila albamu ni ya aina moja na moja tu, ili msikilizaji ajue anachosikiliza na utaratibu udumu. Aina zilikuwa kumi na tatu. Roki ilikuwa ya saba.

Fundi makochi hakuwa na ugomvi na utaratibu. Kazi yake yenyewe ni utaratibu mtupu: springi, gunia, sponji, kitambaa, misumari. Mchana aliyavika makochi ya watu. Jioni aliyasukuma ukutani, akachomeka gitaa lake la besi, na karakana ikawa bendi. Binamu yake alipiga ngoma. Alikuwepo pia mpiga gitaa, ila huyo alipenda amani, kwa hiyo humu hatutamsumbua.

Albamu yao waliirekodi humo humo, wote kwa pamoja, kwa maikrofoni moja iliyoning'inizwa juu ya sofa la watu watatu. Makochi yalimeza mwangwi bure, studio ya nini. Ilikuwa roki yenye rege mgongoni na disko miguuni, na karibu kila wimbo ulikuwa na mama yake fundi, mwanakwaya wa maisha yote, amesimama ubavuni mwa ngoma kwa sababu ndipo palipobaki nafasi.

Muda mfupi baadaye mama alipasuliwa koo. Alipona vizuri. Sauti ndiyo haikurudi, ukabaki mnong'ono.

Ofisa wa Baraza alisikiliza nusu ya wimbo wa kwanza, akavua hedifoni.

"Roki nzuri hii. Toeni hiyo kwaya."

"Kwaya ndiyo wimbo," fundi akasema.

"Dada, mimi kwaya siipingi. Kwaya ni namba mbili. Tengenezeni moja ya namba mbili, nyingine ya namba saba. Redio itapiga zote."

"Mama yangu hawezi kuimba tena."

"Pole sana. Basi kazi imepungua, bakini na ya namba saba."

Fundi alirudi karakanani kwa miguu, maana hakujiamini kukaa karibu na abiria yeyote. Akamkuta binamu kwenye kompyuta, hedifoni masikioni. Ofisa alikuwa amempigia simu. Binamu alikuwa anamtoa mama kwenye nyimbo.

"Ulimwuliza?"

"Binamu, ni redio hiyo. Tumehangaika kiasi gani?"

"Nimekuuliza, ulimwuliza?"

"Ningemwuliza vipi, na hali yake ile?"

"Amepasuliwa koo. Masikio yake mazima."

Binamu akashusha pumzi. "Tulia basi, nimeshindwa. Nikimtoa, ngoma inatoka naye. Nikibakiza ngoma, yumo. Maikrofoni moja ile."

"Kwa hiyo ungeweza, ungemtoa."

Fundi akashika nyundo. Binamu akaihamisha kompyuta haraka, lakini yeye aliinama tu kwenye kiti cha mteja na kukipigilia misumari ambayo ingetosha kitanda.

Mama alikuwa mlangoni akichambua pamba za mito, na alisikia yote. Akamwita binamu kwa kidole. Binamu akamwinamia.

"Ungeniambia siku ile ya kurekodi, mwanangu," akanong'ona. "Ningesogea."

"Nisamehe, shangazi."

"Mimi nimekusamehe. Mwenye nyundo ndiye sijui."

Mwenye nyundo hakusamehe. Kesho yake alienda kwenye Baraza peke yake.

"Iandikishe ilivyo."

"Ilivyo haina kundi, dada. Itaingia namba kumi na tatu, Mengineyo. Redio haipigi Mengineyo."

"Andika."

"Bendi yako inajua?"

"Mama yangu anajua. Andika."

Ofisa akaandika. Tangu siku hiyo fundi hamwambii binamu yake neno, isipokuwa moja-mbili-tatu-nne ya kuanzisha wimbo, na hiyo huihesabu kama anayefukuza mbwa.

Ripoti ya Baraza ya mwaka ule imesifu mafanikio ya utaratibu mpya. Jedwali lake linaonyesha kuwa aina iliyopata albamu nyingi kuliko zote ni Mengineyo.