Vifuko katika Mrija wa Nkandu

Nkandu aliuza samaki wakavu katika soko la Naviundu, mjane mwenye sauti iliyofika sokoni kabla yake. Siku alipoona mkojo wake umekuwa mwekundu, sauti hiyo ilipotea. Kwa kuwa alizaliwa Pweto, mji wa kando ya ziwa, na kuoga humo ziwani tangu utotoni, kila mtu alisema ni kichocho. Akanywa dawa. Damu ikakoma, kisha ikarudi.

Hospitalini muuguzi aliita kwa Kifaransa, "Citoyenne Nkandu!", yaani mwananchi Nkandu. Wakamchoma sindano, wakampiga picha. Daktari Kunda akaiinua picha kwenye mwanga, akamwonyesha mrija unaoshusha mkojo kutoka figo hadi kibofu. Katika kuta zake vilichomoza vifuko vidogo kama punje za ulezi.

"Njo kansa?" Nkandu akauliza kama ndiyo kansa yenyewe.

"Hapana, mama. Hii bifuko haiko kansa. Lakini bantu benye kuwa nayo, bamoja banapata kansa ya kibofu. Hatuyue bado sababu. Tutaangalia mu kibofu sasa, na tena kila mwaka."

"Sasa miye niko mugonjwa ao niko muzima?"

Daktari akaishusha picha. "Uko muzima, mama. Lakini tutakuchunga."

Kibofu kilikutwa safi, na damu ikakoma yenyewe. Lakini jibu lile halikumtoka Nkandu. Muzima gani huyo wa kuchungwa?

"Yaya, dada yangu," mdogo wake Mwansa alimwambia, "ugonjwa hauumi, unaenda kuuita wa nini?"

Mwaka uliofuata alikwenda, kibofu kikawa safi tena. Mwaka wa baada yake alikata shauri kuacha. Chombo cha kuchungulia kibofu, kinachopitishwa njia ya mkojo, kilimuumiza, na aibu yake ilizidi maumivu. Siku ya miadi alipanga samaki kama kawaida. Wateja wakauliza, yeye hasikii. Mwishowe akawafunika samaki kwa kitambaa, akamwomba Rabia, jirani yake wa meza, amwangalizie, akaondoka bila kumwambia mtu aendako.

Safari hiyo walikuta uvimbe mdogo kibofuni. Ulikuwa kansa, ila changa, haijachimba ukuta wa kibofu. Wakaukwangua wote kwa njia ileile ya mkojo.

Mwansa alilia kando ya kitanda. "Yaya, ni miye nilikukataza."

"Nyamaza. Hata miye nilikuwa nimekataa."

Aliendelea kwenda kila mwaka, hadi nywele zikawa nyeupe. Woga haukumwacha, asubuhi ya miadi aliiacha chai mezani. Lakini Mwansa alimsindikiza, na njia nzima walibishana kuhusu namna ya kupika matembele.