Ncha Isiyopatikana

Katika soko la Kithimani, Wayua Ndolo hauzi nguo ya mtoto kabla hajaipitishia sumaku. Ni sumaku nyeusi aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu, akaifunga kamba na kuivaa shingoni. Huipitisha polepole kwenye ukosi, kwenye pindo, kwapani, ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza. Wateja humcheka.

"Mama Nzau, hiyo dawa ya kuvuta wateja ulitoa kwa mganga Kitui?" mmoja alimuuliza siku ya soko.

"Ingekuwa inavuta, ungekuwa umeshanunua."

Ukweli hajamwambia yeyote, hata Farhia, jirani yake wa meza ambaye hugawana naye kila mtumba.

Kwa miaka minane Wayua alishona nguo za watoto wachanga katika kiwanda kimoja cha EPZ, eneo la viwanda vya kuuza nje, Athi River. Huko, sindano ikivunjika, mashine husimama. Mshonaji hupiga magoti, akaokota vipande vyote na kuvibandika kwenye kadi kwa selotepu. Hapewi sindano mpya mpaka ile ya zamani itimie. Mnunuzi wa Marekani hataki chuma kwenye shingo ya mtoto.

Julai ya 2025 kila mtu kiwandani alikuwa mbioni. Mpango ulioruhusu nguo za Kenya kuingia Marekani bila ushuru ulikuwa unakwisha Septemba, na safari ya meli ni ndefu. Wayua alikuwa akishona ukosi wa nguo za njano zenye picha za bata sindano yake ilipokatika. Kipande kirefu alikipata. Ncha haikuonekana. Alipapasa sakafu, akapekua rundo la nguo zilizokwisha kushonwa, huku msimamizi akiwa amemsimamia kichwani.

"Dada, meli haikungoji wewe."

Katika ufa wa sakafu Wayua aliokota ncha. Ilikuwa na kutu. Sindano yake ilikuwa mpya asubuhi ile. Aliibandika hivyo hivyo, na hakuna aliyeitazama mara mbili. Hata mashine ya kutambua chuma, ambayo ingeweza kumwokoa, ilikuwa imepunguzwa makali, kwa sababu vifungo vya miguuni vilikuwa vya chuma na ilikuwa ikilia bila kukoma.

Meli iliwahi. Oda nyingine haikuja. Wayua akaachishwa kazi, akarudi kwao Kithimani, na ile ncha asiyoipata akarudi nayo kichwani. Kila alipoona mtoto analia bila sababu, aliiona.

Sasa, siku hiyo ya soko, Farhia alipokata kamba za mtumba mpya, nguo ya njano iliteleza ikamwangukia Wayua miguuni. Bata wale wale. Aligeuza lebo: Kenya. Nguo ya mtoto mchanga haivaliwi mwaka. Mtoto wa ng'ambo alikuwa ameshakua, nayo ikavuka bahari kurudi ilikotoka.

Sumaku haikushika kitu. Hakuamini. Alichukua wembe akafumua ukosi wote, uzi baada ya uzi. Hamkuwa na kitu.

"Hiyo ilikuwa kamera, daraja la kwanza, safi kabisa, na umeirarua," Farhia alisema. "Mama Nzau, unatafuta nini?"

"Zilikuwa ngapi?"

"Za njano? Mbili. Ingine nimeuza saa hii. Yule wa leso nyekundu, amevalisha mtoto hapo hapo."

Wayua alimkuta yule mama akichagua nyanya, mtoto yuko mgongoni, ukosi wa njano ukichungulia juu ya leso.

"Dada, pole. Niache niguse mtoto shingo kidogo."

Mama aliona sumaku. "Na hiyo ni nini?"

"Ni sumaku tu. Hiyo nguo nilishona mimi."

"Ulishona wewe? Si imetoka Amerika?"

Muuza nyanya alicheka. "Hiyo ni ile dawa yake. Leo ameanza kuvuta watoto."

Wayua alikuwa ameshanyoosha mkono. Sumaku iligusa ukosi, na kamba ikakaza. Au ni yeye aliyeivuta, hakuwa na hakika. Kabla hajajaribu tena, mama aligeuka ghafla, akamfunika mtoto kichwa kwa leso na kujipenyeza kwenye umati.

"Mvue hiyo nguo," Wayua alisema. "Tafadhali, mvue."

Mtoto alikuwa ameanza kulia. Wayua alisimama kati ya nyanya akikisikiliza kilio kikienda mbali, akijaribu kutambua kama ni cha woga au cha kuchomwa.