Mashine Iliyotuficha Wawili

Wenzangu kazini wameshacheka, sasa ni zamu yenu. Mimi nimeolewa kwa Wanyakyusa, na kwetu mkamwana hatazamani na baba mkwe. Akimwona, anajificha.

Juzi kiwandani kwetu hapa Mbeya, tunakokoboa mpunga, tulikuwa tunahamisha mashine kubwa huku nyingine zikinguruma. Mafundi waliisukuma juu ya mabomba yaliyoviringika chini yake, nami niliwaongoza kwa ishara za mikono, maana kelele ilizidi. Tulipokaribia mlango, nikamwona baba mkwe anaingia na gunia lake la mpunga kutoka Kyela. Nikachuchumaa ubavuni mwa mashine.

"Dada kaenda kunywa chai," akapaza sauti fundi Sanga, msimamizi wetu, aliponikosa mbele. "Sukumeni tu."

Mashine ikatembea, nami nikatembea nayo nimechuchumaa kama bata, nikijipongeza kwamba adabu ya ukoo iko salama. Kisha mafundi wakasukuma kwa nguvu, mashine ikaniacha peupe.

Upande wa pili wa pale ilipokuwa mashine, baba mkwe naye alikuwa amechuchumaa, kajifunika uso kwa kofia.

Fundi Sanga akatutazama kwa zamu. "Mmedondosha nini hapo chini?"