Daraja la Makumbi

Baba aliiona picha ile Chole, nyumbani kwa mfanyabiashara mmoja: daraja la Marekani lililoning'inia kwa kamba za chuma juu ya mto mpana, katikati ya mji mkubwa, farasi wakipita juu yake na magari yao. Alirudi halali wala hali. "Chuma ni kamba tu ya watu wasio na minazi," alituambia. Mimi, kwa jinsi nilivyompenda, nikacheka.

Shamba letu lilikuwa upande wa Baleni, na mkono wa bahari ulilitenga na shamba la watu waliokuja kuniposa. Maji yakijaa tulivuka kwa mtumbwi na kushukia kwenye matope ya mikoko. Yakitoka, tulivuka kwa miguu. Jambo hilo halikumkera mtu mpaka ilipokuja picha. Tangu hapo wanawake wa nyumbani hawakupumzika. Makumbi ya nazi yaliyozikwa pwani yakafukuliwa, yakapigwa, yakasokotwa kamba nene. Aliyesokota kuliko wote alikuwa kungwi wangu, mtumwa wa nyumba yetu tangu kabla sijazaliwa, aliyenilea na kunifunda, nami nikimwita somo.

Kamba zikafungwa minazini, ng'ambo hii na ng'ambo ile, zikaachwa zilegee katikati kwa kuwa kwenye picha zililegea. Kila mtu kwetu anajua kuwa kamba mpya ya makumbi ikibebeshwa huvutika. Baba naye alijua, lakini picha ilimtoa akili. Kisha akapiga marufuku: asipite mtu mpaka siku ya harusi yangu. Alitaka wakwe wamwone bi harusi akiwa wa kwanza kupita.

Na kwetu bi harusi hatembei. Hufunikwa gubigubi, kungwi humbeba mgongoni mpaka chumbani kwa mumewe, na yeye hasemi neno hata akiumwa na siafu. Kwa hiyo alasiri ile sikuona kitu ila kilichopita chini ya ukingo wa nguo: visigino vya kungwi, mchanga, kisha boriti za mikoko zilizofungwa mojamoja, na kati yake maji yamejaa, yanakwenda kasi.

Nyuma yetu vigelegele vilikatika ghafla. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Haya, vukeni!" Ilikuwa sauti ya baba.

"Hewala bwana," kungwi akajibu.

Daraja likabonyea, likaendelea kubonyea. Kamba zilikuwa zinalia. Kifua changu kilikuwa mgongoni mwake, nikausikia moyo wake ukienda mbio kuliko wangu. Tulipofika katikati, maji yalikuwa yamezifikia boriti na yanapita juu ya miguu yake. Akasimama.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "tukianguka, niachie shingo. Mimi kuogelea sijui. Usinishike, utakufa bure."

Nikavunja mwiko. "Turudi, somo."

"Nikirudi leo, kesho atanileta tena. Tulia."

Akasogea. Hakuinua miguu, aliiburura, boriti kwa boriti, huku akitaja jina la Mungu kwa pumzi fupifupi. Nilimshika mabega, si shingo. Nilikuwa na hasira nyingi hata hofu ikakosa pa kukaa: mwanamke huyu anaweza kufa kwa ajili ya picha, na hakuna hata mmoja kule nyuma aliyefungua kinywa.

Hatimaye nikauona mchanga. Vigelegele vikaanza upya, kana kwamba havikuwahi kukoma. Kungwi akanifikisha chumbani, lakini mikono yake ilikuwa imekakamaa, na wanawake wa ukweni walilazimika kumfungua kidole kimoja kimoja ndipo nikawekwa kitandani. Akaketi sakafuni kando yangu.

Muda si mrefu baba akaingia na wakwe, akicheka kwa sauti kubwa.

"Mmeona? Limebeba wawili!"

Wakwe wakamsifu. Mmoja akamwambia kuwa hata Mdachi wa bomani hana daraja kama lile, na baba akaitikia, "Tumelivuka, alhamdulillahi." Mimi niliinamisha kichwa kama ipasavyo bi harusi. Chini ya ukingo wa nguo niliiona miguu ya baba, imejaa matope ya mikoko mpaka juu ya vifundo.

Miguu ya kungwi ilikuwa kando yake pale pale sakafuni, safi, bado inachuruzika maji.